Ubao wa Fundi Baiskeli

Kwenye siti ya mbele yangu basini walikaa fundi baiskeli aliyepakata gurudumu na mama mmoja mwenye sare ya nesi. Hawakuwa wakijuana, lakini fundi alishaanza kumwambia nani atashinda mbio za baiskeli za kesho. Sikusikia mama akiuliza.

“Namba saba. Nimeshamwandika kwenye ubao pale gereji, na waendeshaji wenyewe huja kuusoma. Miaka tisa sijakosea.”

“Ana kasi kuliko wenzake?”

“Wala. Ana mtu. Mwenzake wa timu anatangulia kumkatia upepo, yeye kajibanza nyuma anatunza nguvu. Zikibaki mita mia mbili, wa mbele anapisha, huyu anachomoka.”

“Na aliyepisha?”

“Huyo hata jina lake sijawahi kulishika.” Fundi akacheka. Nami nikatabasamu, Mungu anisamehe.

“Ni mwanangu,” mama akasema taratibu. “Mwaka wa sita huu anapisha.”

Fundi akawa anakagua spoki ambazo hazikuwa na tatizo. “Nisamehe, mama.”

“Hujakosea. Ila leo kanipigia simu. Kesho hapishi.”

Tulipita vituo viwili fundi akilizungusha gurudumu mapajani. Kisha akasema, “Basi niambie jina lake, nikafute ubao nimwandike yeye.”

“Ukifuta, namba saba atajua. Uache hivyo hivyo.”

“Halafu nikosee mbele ya watu?”

“Mara moja tu, fundi.”

Basi likasimama. Fundi akashuka, amelikumbatia gurudumu kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa watu.