Afande Taratibu, na Neno Alilomwambia Mdogo Wake

Marehemu, baba yangu mkubwa, alizaliwa tarehe 9 Machi 1968 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, kifungua mimba wa mpiga kengele wa stesheni. Kitinda mimba ni baba yangu. Walikuwa wawili tu.

Alimaliza sekondari mwaka 1986, na miaka miwili baadaye akajiunga na Magereza. Wafungwa walimwita Afande Taratibu, maana hata mlango wa chuma aliufunga kana kwamba kuna mtoto amelala.

Mwaka 1994 alimuoa mama mkubwa, ambaye husema, "Alikuja kwetu akamkunjia bibi blanketi, pembe kwa pembe. Nikasema, huyu hanipiti."

Mwaka 2019 adhabu ya kusafirisha watu kwa magendo iliongezwa. Mwezi uleule baba, dereva wa lori, alikamatwa akiwa amebeba watu sita, wamefichwa chini ya turubai. Baba Mkubwa alizoea kuona watu wa kesi hizo wakitozwa faini. Akamwambia, "Mdogo wangu, wakili wa nini? Kiri tu, ulipe, jioni tule wote." Baba akakiri. Kumbe sheria mpya imefuta faini. Akafungwa miaka ishirini, gereza lilelile la kaka yake.

Gereza likafurika. Vigogo wa biashara ile hatukusikia wameletwa. Walioletwa ni madereva, utingo, na mama mmoja aliyewapa wageni chumba. Walilala ubavu, mmoja akigeuka, wote wageuke. Baba Mkubwa alikuwa akisimama mlangoni, anauliza, "Umekula, mdogo wangu?" Baba anajibu, "Nimekula, afande." Basi.

Mwaka 2022 Baba Mkubwa alianza kukohoa. Kifua kikuu kilikuwa kimezagaa mle ndani. Alipewa dawa, akapata nafuu, akarudi kazini mapema mno. Alifariki Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, hospitali ya wilaya. Siku chache kabla aliniambia, "Ukiandika habari zangu usinipambe. Sema nilimponza mdogo wangu kwa jambo nisilolijua." Kumwambia mwenyewe alishindwa.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja, mimi aliyenilea, na mdogo wake, ambaye amenyimwa ruhusa ya kuja kuzika.

Jana mama mkubwa alimpelekea baba maneno hayo gerezani. Wakaambiwa muda umekwisha. Ndipo baba akauliza, "Shemeji, jeneza upande wangu atabeba nani?"

"Mwanao," akamjibu.

Kwa hiyo nikimaliza kusoma wasifu huu, naomba nipishwe mbele, kushoto, nibebe upande wa baba. Mungu ampe Baba Mkubwa pumziko la amani.