Bonyeza Moja, Bonyeza Mbili

Kijiwe chetu ni kichanja cha mbao mbele ya duka la Mama In-pyo, hapa Hapcheon, Korea Kusini, ng'ambo ya barabara kutoka stendi. Unavua viatu, unapanda, unakunja miguu, unapewa kikombe cha karatasi chenye kahawa ya pakiti, ile iliyokwisha kuchanganywa na maziwa na sukari, halafu unaanza kuongea mambo usiyoyajua. Wa kila siku tuko watatu. Kuna Jenerali, ambaye jeshini alikuwa mpishi, lakini ukimsikia utadhani aliongoza vita. Kuna Satelaiti, karani mstaafu wa ghala la mbolea, ambaye siku hizi simu haimtoki mkononi, na kila video inayosema dunia imekwisha lazima yeye awe wa kwanza kuiona. Na mimi, niliyeendesha basi la Daegu miaka thelathini na moja. Wananiita Breki, kwa sababu eti mimi ndiye ninayewazuia wasishikane mashati. Jana usiku taarifa ya habari ilisema serikali inaufikiria upya msimamo wake wa kutokuwa na bomu la nyuklia la kwetu wenyewe. Basi leo saa tatu asubuhi tulikuwa tumeshafika wote, macho mekundu.

Ila leo kulikuwa na jingine. In-pyo, kijana wa mwenye duka, ana miaka arobaini na moja, na ndiyo kwanza amemleta mchumba nyumbani, msichana wa Incheon aitwaye Se-hwa. Kabla hawajafika, Mama In-pyo alitukusanya akatunyooshea kisu cha jikoni.

— Ongeeni mtakayo. Ila mkigusa la Hiroshima, kahawa hapa basi.

Tulimwelewa. Marehemu mama yake alikuwa Hiroshima siku bomu lilipoanguka, binti wa miaka kumi na saba, kibarua kiwandani. Enzi Mjapani anatutawala, watu wengi wa hapa kwetu walikwenda kutafuta maisha kule, kwa hiyo kila mtaa una nyumba kama hiyo, na sisi kwa sisi si jambo la kushangaza. Wa nje ndio wanaogopa. Wanaogopa damu, wanaogopa watoto watakaozaliwa. Mi-ok, dada yake In-pyo, uchumba wake ulivunjika wiki tatu kabla ya harusi, watu wa mwanamume waliposikia. Hakuolewa tena mpaka leo. Tangu siku ile Mama In-pyo alifunga mdomo, na sisi tukafunga ya kwetu.

Basi In-pyo akaenda buchani kuchukua nyama ya mchana, na Se-hwa akabaki nasi. Alikuwa amekunja mikono ya blauzi, ameketi ukingoni mwa kichanja, anamenya vitunguu saumu na mama mkwe mtarajiwa. Msichana mchangamfu, hana makuu. Nilimpenda palepale.

Jenerali: Mimi nasema lianze kutengenezwa leo hii! Tunakaa chini ya mwavuli wa Mmarekani. Mwavuli wa kuazima! Mvua ikimfikia na yeye, unadhani atakukumbuka wewe Breki wa Hapcheon?

Mimi: Punguza sauti bwana, tuna mgeni.

Jenerali: Mgeni naye si ana roho? Mjukuu wangu yuko jeshini Cheorwon, mpakani. Akinyoosha shingo anawaona wale wa kaskazini wakianika soksi. Wao wana bomu, yeye ana bunduki na biskuti. Mimi nalala vipi?

Hapo sauti yake ilikatika. Tukanywa kahawa.

Satelaiti: Mzee, habari zako zimepoa. Bomu lipo.

Jenerali: Lipo wapi?

Satelaiti: Lipo vipande vipande. Kila waziri kapewa kipande, kakificha kwenye friji lake la kimchi, lile la kabichi ya kuchachusha. Siku ya shida wanakutana, wanaliunganisha.

Mimi: Na waziri akifukuzwa kazi?

Satelaiti: Anaondoka na nguo zake. Friji linabaki.

Jenerali: Ndiyo maana mke wa waziri yule juzi alikuwa anacheka kwenye televisheni! Nikasema huyu mama kuna kitu anakijua.

Se-hwa akacheka mpaka kitunguu kikamponyoka. Mama In-pyo hakucheka. Alikuwa anamenya haraka haraka, kisu kinakwenda mpaka naogopa vidole vyake.

Simu yake ikalia dirishani.

Mama In-pyo: Nipokelee mwanangu, weka spika. Mikono yangu inanuka.

Se-hwa akapokea. Ilikuwa sauti ya mashine, ya kike, tamu mno:

— Habari za asubuhi. Tunakusanya maoni ya wananchi. Je, unaunga mkono nchi yetu kutengeneza silaha zake za nyuklia? Kama unaunga mkono, bonyeza moja. Kama huungi mkono, bonyeza mbili. Kusikia swali tena, bonyeza sifuri.

Weee! Kijiwe kizima kilisimama na soksi.

Jenerali: Moja! Bonyeza moja, binti!

Satelaiti: Usiguse! Huo ni mtego. Hao si wakusanya maoni, hao ni wapelelezi wa kaskazini. Ukibonyeza moja tu, nyumba yako inawekewa alama kwenye ramani.

Jenerali: Alama ya nini?

Satelaiti: Ya pa kuanzia!

Jenerali, ambaye kidole kilikuwa kimeshafika sentimita mbili kutoka kwenye simu, akakirudisha mfukoni.

Mimi: Hiyo simu ni ya Mama In-pyo. Mwacheni mwenyewe.

Se-hwa: Nibonyeze sifuri kwanza? Ili tupate muda.

Akabonyeza. Mashine ikarudia yote kwa utamu uleule. Wakabishana, akabonyeza tena. Mara ya tatu nikaanza kuona kama yule mwanamke wa kwenye simu naye anatuchoka.

Satelaiti: Basi abonyeze mbili, wale wakija watuone watu wa amani.

Jenerali: Mbili ni ya waoga! Sikiliza, Mama In-pyo. Hilo bomu halipigwi. Linawekwa tu. Adui analiona, anaogopa, maisha yanaendelea. Wala si la kumuumiza mtu.

Mama In-pyo akaweka kisu chini.

Mama In-pyo: Si la kumuumiza mtu.

Jenerali akagundua alichosema. Nikamkanyaga mguu, lakini ilikuwa kazi bure, neno lilikuwa limeshatoka. Mama In-pyo akafuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja, akamwomba Se-hwa simu, akabonyeza mbili. Nikashusha pumzi nikidhani yamekwisha.

— Asante. Sababu yako kuu ni ipi? Kama ni gharama, bonyeza moja. Kama ni uhusiano na nchi nyingine, bonyeza mbili. Kama ni sababu nyingine, bonyeza tatu.

Akabonyeza tatu. Mashine ikashukuru, ikakata.

Se-hwa: Sababu nyingine ni ipi, mama?

Aliuliza tu, bila ubaya wowote, huku ameshika kitunguu kingine. Satelaiti akadandia haraka:

Satelaiti: Radi! Vitu hivyo vinavuta radi. Kuna video.

Jenerali: Kweli kabisa, radi. Na mimi jeshini niliwahi...

Mama In-pyo: Nyamazeni.

Miaka yote hiyo sijawahi kumsikia akitunyamazisha kwa sauti ndogo namna ile.

Mama In-pyo: Mama yangu alikuwa pale. Hiroshima. Mkono wake huu, kutoka hapa begani mpaka hapa, ngozi iliyeyuka ikaganda vibaya. Kiangazi chote alivaa mikono mirefu. Usiku alikuwa anajikuna, na mimi ndiye niliyemshika asijitoe damu. Mi-ok wangu walimkataa kwa sababu hiyo. Leo nimetaka kukuficha na wewe, nimewakataza hawa wazee wasiseme. Sasa nimesema mwenyewe. Ukitaka kuondoka, mwanangu, stendi ile pale. Sitakulaumu.

Mimi nilitaka ardhi ipasuke. Jenerali alikuwa amekodolea macho kikombe chake. Nilikuwa nikimwangalia yule msichana mikono, maana uso sikuthubutu. Mikono haikuliacha bakuli. Ilikaa imetulia juu ya maganda, muda mrefu, kisha ikachukua kitunguu, ikakimenya, ikakitia bakulini.

Se-hwa: Siondoki kwa hilo, mama.

Mama In-pyo akaanza kulia, kilio cha chini chini, cha mtu aliyebeba gunia akaambiwa atue. Hata mimi machozi yalinilenga, sioni aibu kusema. Satelaiti alikuwa ameshanyanyua birika atumiminie nyingine, tusherehekee.

Ila Se-hwa alikuwa bado ana jambo. Alikunja uso kidogo, kama mtu anayepiga hesabu isiyokubali.

Se-hwa: Lakini In-pyo aliniambia mwenyewe. Nilimuuliza, kwa vile mji huu unajulikana kwa watu wake wa Hiroshima. Akasema, kwa wengi hilo bomu lilifika, ila kwetu, tunashukuru, halikufika. Akasema bibi yake aliungua na sufuria la maharage.

Se-hwa: Kwa hiyo yeye hajui?

Jamani, swali dogo kama lile. Satelaiti birika lilimkalia hewani. Na mimi, yule kijana alipanda basi langu miaka mitatu ya sekondari, kila Jumatatu kiti cha nyuma yangu, tukaongea mpira, tukaongea mitihani, akaniuliza siku moja kwa nini dada yake hataki tena kutoka nje, nami nikamwambia wanawake ndivyo walivyo. Nilimwangalia mama yake. Alikuwa ameziba mdomo kwa aproni, anatikisa kichwa.

In-pyo alikuwa keshavuka barabara. Mfuko wa nyama mkono mmoja, matunda mkono mwingine, jasho linamtoka, anatabasamu tangu mbali. Alipofika karibu akatutazama mmoja mmoja.

— Jamani, nani kamliza mama yangu?