Birika Nililolivunja

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Mishi uache kulia, sijafa bado na kilio chako kinanikata maneno. Haji, kaa chini. Mwalimu Abdurahman yupo hapa awe shahidi na aandike nisemayo, kwa maana nakujua wewe, Haji, nikishafumba macho utasema baba alikuwa anaweweseka kwa homa. Siweweseki. Akili yangu timamu, na hasira zangu pia timamu.

Mali kwanza, masikio yenu yatulie. Minazi na nyumba hii mtagawana kama sheria ya Mungu inavyosema, na fungu la Mishi apewe Mishi, asije akahadaiwa kwa kanga mbili. Lakini ile theluthi ambayo sheria imeniachia niielekeze nitakako, ni duka. Duka namwachia ami yenu Athmani. Ehe, guna, Haji, guna sana! Namwachia mdogo wangu ninayemchukia kuliko watu wote wa Msambweni na Funzi, na nitawaambia kwa nini, kisha mtanichukia mimi.

Mnalikumbuka birika la nyuma ya msikiti. Athmani alilijenga kwa mawe na chokaa aliporudi kutoka kisiwa cha Funzi alikooa, akaweka mlizamu wa bati wa kuteremsha maji ya mvua kutoka paani, akalifunika vizuri, akawaambia watu wachote bure. Wakalikimbilia! Kabla ya hapo kijiji kizima kilikunywa maji ya kisima changu, yale mazito yenye chumvi, na aendaye kisimani hana budi kupita dukani. Birika lilinikaushia baraza. Nikawa nakaa pale kufukuza nzi, na mdogo wangu anaombewa dua na kila mwenye ndoo.

Basi nikafanya ujanja. Nikaanza kuwagawia watoto peremende bure, kutwa mara tatu, mara nne, ili wawavute mama zao warudi kwangu. Watoto walikuja, mama zao hawakuja. Mwaka haukwisha, meno ya watoto yakaanza kuoza, meusi, yanamomonyoka, na wazee wakaanza kuulizana kuna nini.

Mimi nilijua. Wallahi nilijua! Yule Kalama, dresa wa zahanati, alikuja dukani, akaitazama mitungi ya peremende, akaniambia, "Mzee Jumbe, ndizo hizi. Maji ya mvua hayana kosa, mradi yawe safi. Hiyo chumvi ya kukaza mifupa na meno mtoto aipata kwa dagaa na mchicha, haingojei maji. Bibi za Funzi wamekunywa ya mvua tangu utoto, na hata leo wanamenya muwa kwa meno." Nikamwambia asinifundishe mimi, mtoto wa jana, nikamtoa mbio.

Ijumaa iliyofuata nikasimama baada ya sala. Nikawaambia watu kwamba maji yale ni matupu, hayana chumvi hata chembe, kwa hivyo yana njaa, na mwenye njaa hula anachokikuta, nayo yamekuta meno ya watoto wenu. Astaghafirullahi, nilisema vizuri siku ile! Athmani alijaribu kujibu, wakamzomea. Alasiri tukaenda na nyundo na mitaimbo, pigo la kwanza likawa langu, na ami yenu alisimama kando na ndoo yake mkononi anatutazama. Akahama na mkewe, wakarudi Funzi.

Kisha ikaja ile mvua ya mwaka wa sitini na moja, mnaikumbuka, miaka miwili kabla ya bendera yetu kupanda. Vyoo vilifurika, maji yakaingia kisimani kwangu, na birika lilikuwa kifusi. Watu wangekunywa nini? Walikunywa kwangu. Watoto wanne wakafa kwa kuhara, na wa nne alikuwa Asiya wetu. Mliambiwa ni homa. Mimi ndiye niliyesema ni homa. Alikuwa na miaka sita, meno yake ya mbele yameoza kwa peremende za babake, akaniomba maji, nami nikamnywesha maji ya kisima kwa mkono wangu huu. Mama yenu aliniuliza kama ni maji yale, hata siku yeye mwenyewe anakata roho aliniuliza, nikakana.

Usinishike, Mishi. Niache nimalize.

Athmani alikuja mazikoni. Nilimngoja anitukane, nilikuwa nimejiandaa kumrukia mbele ya watu. Akashika jembe, akafukia kaburi la mwanangu, akanipa mkono, akasema, "Pole, kaka," akaondoka. Basi! Hakusema neno jingine mpaka leo. Nimemchukia kwa sababu hiyo kila nilipoamka, kila nilipotia udhu. Laiti angenitukana ningelala.

Sasa nisikilizeni, pumzi yanipungua. Ezueni mabati ya duka, yote, na mawe yake yabomolewe, Athmani ajenge birika jipya. Kisima kifukieni. Haji, ukimzuilia hata bati moja, radhi yangu huna, si hapa wala huko niendako. Ukitekeleza, Mungu akupe watoto na akuachie uwaone wakikua. Nawe Mishi... Mungu akuhifadhi, mwanangu. Ulikuwa ukimbeba Asiya mgongoni. Nisamehe.

Bado moja. Mwalimu, andika hili.

Jeneza langu likishawekwa mbele ya watu, imamu atauliza, mnamshuhudiaje marehemu. Nao watajibu mtu mwema, kama wamjibiavyo kila maiti, hata mwizi. Sitaki. Haji atasimama kwanza, awasomee haya yote, peremende na kisima na watoto wanne kwa majina yao. Mama zao watakuwa pale nje, nao wasikie. Ndipo imamu aulize.

Na asijibu mtu kabla ya Athmani. Mtumieni ngarawa Funzi, mleteni. Akisema mtu mwovu, nizikeni hivyo hivyo, nimeridhika.

Lakini akinyamaza tena... Haji, wanisikia? Akinyamaza, msininyanyue. Mngojeni. Mngojeni mpaka aseme.