Kengele ya Kabati la Vigari

Kitinda: Haloo? Haloo, nani mwenzangu? Namba hii sina.

Dada: Ni mimi.

Kitinda: Mimi nani?

Dada: Dada yako. Au hata sauti yangu umeifuta kwenye simu?

Kitinda: Aa, dada. Shikamoo. Sikukujua, hii namba —

Dada: Marahaba. Simu ni ya yule mshonaji, jirani wa Mama. Yangu huipokei. Jana nimekupigia mara tisa.

Kitinda: Jana nilibanwa, dada. Wakubwa walikuja ofisini, tangu asubuhi mpaka jioni ni vikao. Nikasema nitakupigia leo.

Dada: Ulidhani nataka kukusumbua tena kwamba Mama ahamie kwangu.

Kitinda: Sikudhani hivyo.

Dada: Ulidhani. Sasa sikiliza, salio ni la watu. Niko hospitali. Mama ameanguka.

Kitinda: Ameanguka? Ameangukaje? Lini?

Dada: Jana asubuhi, mlangoni mwa jikoni. Amebeba sufuria ya maji, sakafu imelowa, mguu ukateleza. Nyonga imevunjika.

Kitinda: Mungu wangu. Anaongea?

Dada: Anaongea. Tunangoja waje kumchukua, anaingia chumba cha upasuaji sasa hivi. Daktari anasema nyonga wanaunga kila siku, si hiyo inayomtisha. Kinachomtisha ni kwamba Mama alilala kwenye saruji masaa saba. Tangu saa mbili asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Kifua kimejaa, figo zimechoka, na kwa umri ule hawezi kuniahidi kwamba akilazwa usingizi ataamka.

Kitinda: Masaa saba.

Dada: Saba.

Kitinda: Nakuja. Naomba ruhusa sasa hivi, nakuja. (mtandao unakwaruza) ...kuko na nani?

Dada: Unasemaje? Sikusikii.

Kitinda: Nauliza nyumbani. Nani amebaki nyumbani?

Dada: (kimya)

Kitinda: Haloo?

Dada: Nipo. Nilikuwa nangoja nione kama utaona aibu.

Kitinda: Dada, usinielewe vibaya. Ni ule mkataba wa bima, unasema nyumba isilale —

Dada: Naujua. Nimeimbiwa huo mkataba mwaka mzima. Nyumba isilale bila mtu hata usiku mmoja, la sivyo vigari vikiibiwa hawalipi. Basi mama wa miaka sabini na minne akageuzwa mlinzi wa vigari vya kuchezea.

Kitinda: Vya kuchezea unavisema wewe. Vile vina umri mkubwa kuliko mimi, na maboksi yake kamili. Kuna kimoja pale, kile chekundu cha zimamoto, watu wanakitafuta dunia nzima —

Dada: Viko sitini na tatu. Nilikuwepo siku mtu wa bima alipokuja kuvipiga picha kimoja kimoja, juu, chini, ubavuni, Mama amesimama anamshikia taa. Nikamwambia ampige na Mama, amwandike na yeye kwenye orodha. Akacheka, akadhani namtania.

Kitinda: Mama mwenyewe alikubali. Alisema leta, nitakutunzia.

Dada: Mama angekutunzia hata nyoka. Wewe si kitinda mimba wake? Mimi nimemwandalia chumba, hakuna ngazi, choo kiko hatua tatu. Unajua aliniambia nini? Hapana mwanangu, nikihama Kitinda atapata hasara. Alisema hivyo huku anajifuta mikono, kama jambo dogo tu.

Kitinda: Sikujua kama alisema hivyo.

Dada: Hukuuliza.

Kitinda: Dada, nakuomba. Tutagombana nikifika.

Dada: Hatugombani. Nina swali moja, ndilo lililonifanya niazime simu ya watu. Jana asubuhi kengele ya kabati haikukuita?

Kitinda: Kengele?

Dada: Kengele. Mtu akigusa lile kabati la vioo, king'ora kinalia nyumbani na simu yako inaita huko. Si ndivyo ulivyotufundisha?

Kitinda: Ndivyo. Ila jana... jana simu yangu ilizima. Chaji iliisha tangu usiku, sikujua, nikaja kuiwasha jioni.

Dada: Ilizima.

Kitinda: Kabisa.

Dada: (anacheka kidogo) Hebu sema tena.

Kitinda: Kwa nini?

Dada: Nasikiliza unavyosema.

Kitinda: Dada, unanitisha.

Dada: Mshonaji yuko hapa pembeni yangu. Anasema jana asubuhi alisikia king'ora, akainua kichwa kwenye cherehani, kikakatika. Kikalia tena, kikakatika. Mara ya tatu vilevile. Na wewe ndiye uliyepita kwa majirani ukawaambia, kikilia kikanyamaza jueni nimeshaona, msijisumbue. Basi mwenzako hakujisumbua. Tangu jana anajilaumu, hata chai haijapita kooni.

Kitinda: Vile vyombo vina hitilafu, dada. Fundi alisema unyevu ukiingia —

Dada: Usinizungushe. King'ora kile kinanyamazishwa na vitu viwili, ufunguo ulioufunga kwenye mnyororo wako na simu iliyo mkononi mwako. Ufunguo uko wapi?

Kitinda: Ninao.

Dada: Basi ongea. Salio linakwenda.

Kitinda: Nilikuwa kwenye kikao.

Dada: Haya.

Kitinda: Wakubwa wote wamekaa. Simu ikatetemeka. Nikafungua kamera chini ya meza. Nikaona mkono.

Dada: Mkono wa nani?

Kitinda: Wa Mama. Kwenye rafu ya chini kabisa. Kamera haionyeshi sakafu, inaonyesha kabati tu, kwa hiyo niliona mkono na ncha ya kitambaa chake cha kichwa. Nikadhani anafuta vumbi. Si unamjua? Mwezi huu alishakiliza king'ora mara mbili kwa lile tambara lake, na watu wa bima wakaniandikia barua, kengele za uongo zikizidi tatu kwa mwezi wanavunja mkataba. Nikakizima haraka kisihesabiwe.

Dada: Mara ya pili?

Kitinda: Mkono tena. Nikakasirika, dada, sikufichi. Nikajisemea, huyu mama nimemwambia mara ngapi.

Dada: Ya tatu?

Kitinda: (mtandao unakwaruza)

Dada: Sijasikia.

Kitinda: Ya tatu sikuangalia. Nilizima mfumo wote mpaka jioni.

Dada: Nikueleze basi ulichozima. Simu ya Mama ilikuwa juu ya friji, haifikiki. Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka, ila yale madirisha uliyatia vioo vinene, mtu wa bima alivyotaka, sauti ya mtu haitoki nje. Mlango una makomeo matatu, na la chini kabisa liko juu ya kichwa cha mtu aliyekaa. Akajiburuta kwa viwiko kutoka jikoni mpaka sebuleni. Viwiko vyake nimeviona, Kitinda. Muuguzi amevifunga vyote viwili.

Kitinda: Basi, dada.

Dada: Bado. Nikamuuliza, Mama, ulikuwa unakwenda wapi? Akasema, kwenye kabati la mwanangu, nilijua nikiligusa ataona. Nyumba nzima ile, ndicho kitu pekee kinachoita mtu. Kilipoacha kulia alidhani hagusi kwa nguvu inayotosha. Akavua kiatu, akawa anagonga kwa kiatu.

Kitinda: (analia)

Dada: Saa tisa mshonaji akaja kumletea gauni lake. Akabisha, kimya. Akaweka sikio mlangoni, akasikia kitu kinagonga, pole pole. Ndipo akaita watu wakavunja mlango. Alikuwa bado anagonga.

Kitinda: Dada... dada, mimi...

Dada: Lia. Mimi zamu yangu ilikuwa jana.

Kitinda: Nakuja. Nitapiga magoti pale kitandani nimwambie kila kitu. Nitamwambia niliona.

Dada: Hutamwambia.

Kitinda: Lazima nimwambie. Siwezi kukaa na jambo hili moyoni.

Dada: Utakaa nalo. Ndiyo maana nimekupigia, usije ukasikia kwa wengine ukaja mbio na mdomo wazi. Jana usiku aliniuliza, hivi kengele haikumfikia Kitinda? Mshonaji alikuwa ameshaniambia, nilishajua. Nikamwambia simu yako ilizima, chaji iliisha tangu usiku.

Kitinda: Ulimwambia hivyo?

Dada: Nilimwambia yale yale uliyokuja kuniambia mimi leo. Yaani hata kudanganya tumelelewa nyumba moja.

Kitinda: Akasemaje?

Dada: Akavuta pumzi ndefu. Akasema, afadhali, nilidhani amekasirika kwamba nimegusa tena. Kisha akalala. Tangu aletwe hapa hakuwa amefumba jicho, na wala si kwa maumivu. Mama anaingia kule ndani na neno hilo moja. Ukimnyang'anya ili wewe upate nafuu, mimi na wewe basi. Nakwambia nikiwa na akili zangu timamu.

Kitinda: Kwa hiyo nimdanganye mama yangu.

Dada: Utaweza. Mimi umenidanganya sasa hivi na hukusita hata kidogo.

Kitinda: Ninakuchukia ukisema hivyo, dada.

Dada: Nichukie. Mimi mwenyewe tangu jana najichukia, ningemchukua kwa nguvu siku ile nilipomwandalia chumba, nikuache wewe na bima yako mnune. Sikufanya. Nilisema tu, nikanyamaza, nikarudi kwangu. — Ngoja. Wamefika na kitanda. Mama anauliza naongea na nani.

Kitinda: Dada, usimpe. Subiri kwanza, sijajiweka sawa —

Dada: Ameshanyoosha mkono. Futa kamasi. Mama, huyu hapa Kitinda, ongea kidogo tu, wanakungoja.

Mama: Kitinda?

Kitinda: Shikamoo, Mama.

Mama: Marahaba, baba. Mbona sauti hivyo, una mafua?

Kitinda: Kidogo, Mama.

Mama: Jifunike kifua usiku. Hawa watu wamenivisha gauni halina mgongo, nimewaambia mimi ni mtu mzima, wanacheka tu. Nasikia simu ilikuzimikia jana.

Kitinda: (kimya)

Mama: Haloo? Mwanangu, hii simu imekatika?

Kitinda: Nipo, Mama. Ndiyo. Ilizima. Chaji iliisha tangu usiku, nikaja kuiwasha jioni.

Mama: Uwe unaiangalia kabla ya kulala. Mtu unaweza kutafutwa kwa jambo la maana.

Kitinda: Nitaiangalia, Mama.

Mama: Na kile kioo cha chini nilikigonga kwa kiatu, sikuwa na njia nyingine. Sijui kama kimepata ufa. Waambie watu wa bima ni mimi, wasije wakakulaumu wewe.

Kitinda: Mama, achana na kioo. Mama, sikiliza, jana mimi —

Dada: (kwa mbali) Kitinda.

Mama: Eh? Jana wewe nini?

Kitinda: ...Jana ningejua, Mama, ningekuja mbio.

Mama: Najua. Kwani sikujui? Haya, wananisukuma hawa. Ule vizuri. Chukua simu, binti yangu.

Dada: Nimeichukua.

(magurudumu yanasikika, kisha mlango)

Kitinda: Dada? Umesikia? Nimesema kama ulivyotaka.

Dada: Nimesikia. Umesema vizuri sana. Mtu asiyejua angekuamini.

Kitinda: Na wewe, dada, wewe utanisame —

Dada: Salio la watu linakwisha. Panda gari uje, na ukifika usi —

Kitinda: Haloo? Dada? Haloo?