Siagi Haiyeyushwi

Zimeni hiyo redio, wanangu, mkae mahali ninapowaona. Wewe mkubwa wangu, fundi mikate, toka hapo mlangoni, umesimama kama mtu anayesubiri gari. Na wewe mdogo wake, muuguzi, acha kunishika kifundo cha mkono kila dakika, mapigo yangu nayahesabu mwenyewe. Hospitali sirudi. Nilisema kitanda changu kiletwe hapa jikoni, na kimeletwa. Daktari amenipa siku chache, na siku chache mtu hazimalizi kwa kutazama dari. Mimi nitazimaliza nikitazama tanuri.

Huyo aliyekaa dirishani, mkoba mapajani na midomo ameibana, ni shangazi yenu, dada wa marehemu baba yenu. Nimemwita mimi. Jana mlijitenga pale koridoni mkanong'onezana kwamba mama lazima amwombe shangazi radhi kabla hajafunga macho, mkadhani sisikii. Miguu ndiyo imegoma, masikio hayajambo. Basi jibu langu nalisema mbele yake: radhi siombi. Nimemwita apike.

Wifi, vua saa, nawa mikono, simama kwenye meza ya jiwe. Unga umo bakulini, muuguzi wangu ameshauchekecha pamoja na beking pauda na chumvi kidogo. Siagi na mtindi vimo kwenye friji. Anza polepole, nitakuelekeza. Kwanza niseme na wanangu.

Wanangu, siku niliyoingia nyumba hii nikiwa bibi harusi wa miaka ishirini na mmoja, shangazi yenu alinishika mkono mbele ya wageni, akauachia upesi, akasema, "Kaka, umetuolea maiti? Mikono baridi hivi, nyumba hii haitapata joto." Watu wakacheka. Baba yenu naye akacheka, Mungu amrehemu, na kicheko chake ndicho kilichoniuma zaidi. Tangu siku hiyo mtaa ukaniita Mama Baridi, hata kabla sijawa mama wa mtu.

Hiyo mikono baridi ndiyo iliyowasomesha. Baba yenu alikuwa fundi wa mikate, mikono yake ya moto, akigusa siagi inageuka mafuta. Alijaribu kupika skonzi mara mbili akatoa matofali. Mimi nikiishika siagi inabaki vipande vipande ndani ya unga, na tanurini kila kipande kinayeyuka mahali pake na kuacha nafasi, na nafasi hiyo ndiyo inayofanya skonzi ifunguke tabaka kwa tabaka. Uchawi haumo. Zikatia fora mtaa mzima. Walimu, mshona viatu, hata wale walionicheka harusini walipanga foleni kwenye dirisha hilo, nami niliwahudumia huku nimenuna, makusudi.

Kisha shangazi yenu akapata ugeni wa wakwe, akaja hapa kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: wifi yangu kipenzi, wifi mwenye mikono ya baraka, nifundishe. Leo mikono ya baraka? Nikamuuzia mbuzi kwenye gunia. Nikamwambia yeyusha siagi mpaka iwe maji, mimina, halafu kanda kwa nguvu zako zote mpaka jasho likutoke. Akaandika neno kwa neno. Wakwe wakazichovya kwenye chai, zikagoma kulainika. Mmoja akaitia yake mfukoni kwa adabu, ikamtoboa mfuko.

Nilidhani atakuja kunitukana. Badala yake alikuja Jumamosi iliyofuata na sahani iliyofunikwa kitambaa, akaketi hapo alipokuwa amekaa sasa hivi, akasema, "Wifi, nimepika kama ulivyonifundisha. Kula." Nikala. Ningefanya nini? Kukataa kungekuwa kukiri. Jumamosi nyingine akaja tena, na nyingine, miaka thelathini na minne, mvua inyeshe isinyeshe. Ninyi mlizifanya vizuizi vya mlango, mnakumbuka, mimi nilizitafuna mbele yake mpaka chembe ya mwisho. Magego yangu mawili yalikwenda na skonzi za shangazi yenu, msisingizie uzee. Basi leo nakiri, na muwe mashahidi: nilimdanganya kwa kusudi, na kila Jumamosi nilipouona uso wake nilijua nimemdanganya, na iliniuma, na sikusema. Lakini aliniita maiti. Hilo naye hajalisema.

Maji kidogo. Basi, yanatosha.

Sasa mali. Wewe mkubwa, duka la mikate la baba yako ni lako, hakuna wa kukuuliza. Nyumba ni yenu wawili, msije mkaigawa kwa chaki kama watoto wanaogombea kitanda. Lakini jiko hili hapana. Najua ulimleta fundi akapima huu ukuta mimi nikiwa bado nimelazwa, ukitaka kubomoa uweke mashine ya kukandia. Mwambie akunje futi yake. Una mikono ya baba yako, mwanangu, meza ya jiwe utaifanyia nini? Na wewe muuguzi mikono unayo, subira huna, unafungua tanuri kila mara kama unapima mgonjwa homa, na skonzi zikipigwa na upepo zinakaa chini hazisimami tena.

Kwa hiyo meza, tanuri na dirisha namwachia shangazi yenu mpaka mwisho wa siku zake, na baada yake apewe yule atakayemfundisha yeye. Leo namwonyesha njia ya kweli mbele yenu ili asije mtu akasema niliondoka nayo. Hiyo si radhi. Hilo ni jiko tu. Wifi, sikiliza sasa, siagi haiyeyushwi, unachukua...

Hebu niinueni. Niwekeeni mto mwingine mgongoni, nataka kuona.

Wifi, unafanya nini hapo? Siagi umeikata ikiwa baridi. Umeisugua kwa ncha za vidole, umeacha vipande kama maharage. Mtindi umeumimina kwa mara moja, umechanganya kwa kisu. Sasa unakunja, moja, mbili, tatu, wala hukandi. Na glasi ya kukatia unaibonyeza wima bila kuizungusha, wakati kila mtu huizungusha. Hayo sijakwambia hata moja. Nani alikufundisha?

Mmemsikia? Rudia, wifi, mkubwa wangu ana masikio mazito. Anasema alijua tangu mwezi wa pili wa hizo Jumamosi. Alisimama kwenye foleni ya dirisha langu, akachungulia mikono yangu mpaka akashika kila kitu. Nyumbani kwake hupika laini, hunywea chai peke yake, na kila Ijumaa hukanda zile ngumu kwa ajili yangu, aje akae hapo anitazame nikitafuna. Anasema alikuwa anasubiri mimi nianze kusema.

Acheni nicheke. Kifua kinauma, acheni nicheke hivyo hivyo. Watu wazima wawili, jamani. Nami nilikuwa nasubiri yeye aanze.

Ingiza trei, wifi. Zibananishe, zisukumane zipande juu. Mtu asiguse mlango wa tanuri mpaka dakika kumi na tano. Nitazisubiri, msinitazame hivyo, nimesema nitazisubiri.

Njoo unishike mkono. Wangu leo una homa, unaungua. Wako... wako ndio baridi. Siku zote hizo? Basi ulinionea bure, wifi. Usijibu. Nimekuona, usilie kwenye unga wa watu.

Wanangu, sogeeni. Sauti inakwisha. Mnizike asubuhi, kabla ya jua kali, bila hotuba ndefu. Msinunue maua. Mkikosana, msikae miaka... semeni siku hiyo hiyo, hata kwa kelele. Mungu awape mikono yenye kazi, na mlango unaogongwa na watu wanaowapenda. Nimewawia radhi ninyi wote wawili, kwa yote, hata ule ukuta.

Zimetoka? Fungua moja. Kwa mkono, si kwa kisu. Imefunguka?

Niwekee mdomoni. Najua siwezi kumeza, muuguzi, niache.

Hm. Ni zangu hizi. Ni zangu kabisa.

Wifi... Jumamosi uje. Ule na watoto. Ziwe laini, wamekutafunia ngumu vya kutosha... hapana, ni mimi niliyetafuna. Halafu ukija kaburini, lete moja ngumu. Ile ya Ijumaa. Radhi siombi. Iweke tu hapo.

Nitaimaliza.