Mbu au Kadari

Kwenye lori la kutoka Gobwen kwenda Kismayo, mbele yangu alikaa Mashavu, mama wa kisiwa cha Chula, amempakata bintiye mwenye homa. Kando yake alikuwa Idarus, mfunga vidonda wa hospitali ya Wataliani. Idarus aliposema homa ile huletwa na mbu, Mashavu alimgeukia. "Hayo mwayaamini, au mwakisia?"

"Mwanzo lilikuwa kisio, mama. Wengine walidhani ni hewa ya kinamasi. Kisha watu wakalazwa ndani ya chandarua, wengine nje, na walioumwa na mbu ndio waliougua. Ikajaribiwa tena na tena. Yakionekana mengine kesho, tutabadili kauli."

"Imani yangu mimi haibadiliki. Mwanangu wa kwanza alikufa kwa homa hii hii. Ni mbu, au ni kadari ya Mungu?"

Mimi niliacha kutafuna tambuu. "Mbu naweza kukuonyesha," Idarus akasema taratibu. "Hilo la pili, mama, sina chombo cha kulipimia."

Mashavu alimfunika bintiye kwa mtandio. Lori liliposimama sokoni Kismayo, hakushuka. "Nieleze," akasema, "hicho chandarua chashonwaje?"