Mama Aliyenisubiri Ufuoni Mayungu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na mliokaa mbele, asifiwe na ninyi wa nyuma mnaojipepea kwa vitabu vya nyimbo kana kwamba joto la Malindi linaogopa karatasi! Nimesimama mbele yenu nikiwa mkavu. Subirini kidogo, mtajua kwa nini namshukuru Mungu kwa ukavu.

Wengi mnanijua kwa besi, pale kona ya kwaya. Mimi ni Mtanzania, mtoto wa Ukerewe, kisiwa kilichozungukwa na Ziwa Viktoria pande zote. Nimepata elimu kwa masomo ya jioni. Mchana nilisukuma toroli sokoni Mwanza, jioni nikasomea ufundi wa majokofu, na nilisinzia darasani mpaka dawati likazijua ndoto zangu zote. Lakini Mungu ni mwema, nikahitimu, chuo kikanipokea, na chuo hicho ndicho kilichonituma huku kwenu kwa mafunzo ya kazi katika hoteli moja.

Ndugu zangu, mji huu nimeutembea hadi viatu vikaomba likizo! Vichochoro vya mji wa kale nimevijua, viazi karai vya Malindi nimekula vya kutosha kujengea nyumba. Niliwasalimu watu wote, wakaniitikia kwa Kiswahili kitamu kama maji ya dafu. Lakini jioni kila mtu aliingia kwake, nami nikaingia chumbani kwangu, kimya. Nikawa najiambia: nikifa leo hapa, wa kwanza kujua atakuwa mpishi, siku jokofu litakapoharibika. Nacheka nikisema, lakini wakati ule sikucheka. Nilikuwa nikimwuliza Mungu, hivi huku unajua kwamba nipo?

Basi, Jumamosi moja asubuhi nikapanda bodaboda hadi Mayungu. Nilikuwa nimesikia kwamba kuna fungu la mchanga mweupe katikati ya bahari. Nikafika, na bahari ilikuwa imehama! Naapa, ilikuwa imekwenda zake karibu na Bara Hindi, imeacha mchanga na vidimbwi. Fungu lile lilikuwa mbele kabisa, na kulifikia ulivuka tu mkondo mmoja, maji ya magotini.

Nikiwa njiani nikakutana na akina mama wanarudi na vyuma vyao vya kuvulia pweza. Mmoja, mtu mzima, leso kiunoni, alibeba pweza mkubwa kama mwavuli. Baadaye nilijua anaitwa Bi Zuhura.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Waenda wapi, nasi twarudi?"

"Naenda kutembea pale kwenye fungu."

"Leo ni bamvua, maji yatajaa sana. Na yakianza hayangoji mtu."

"Usijali, mama. Mimi nimezaliwa kisiwani. Maji ni ndugu zangu!"

Wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Haya, kawasalimie nduguzo, na watupe pweza!" Lakini Bi Zuhura hakucheka. Akasema, "Usikae," akaenda.

Sasa ninyi wa pwani nichekeni, ni haki yenu. Ziwa letu halipwi wala halijai. Ukiliacha asubuhi penye jiwe fulani, jioni unalikuta penye jiwe lile lile, linakungoja kama ng'ombe wa maziwa. Habari za maji ya bahari kwenda na kurudi nilizisikia shuleni, nikadhani ni hatua mbili tatu. Tena kisiwani kwetu mama alituogopesha na mamba, hatukuingia majini kupita kiuno. Mtoto wa Ukerewe mzima, naogelea kama shoka!

Nikafika kwenye fungu. Nikavua viatu, nikapiga picha, nikaimba besi peke yangu bila mwalimu wa kwaya kunikataza. Nikalala chali kutazama mbingu. Kilichoniamsha ni kiatu changu kilichopita kando ya sikio, kinaelea, kinakwenda zake.

Nikageuka. Ule mkondo wa magotini ulikuwa mto! Nikaingia, maji yakafika kifuani, yakanisukuma kama watu wa stendi. Nikarudi nyuma kwa shida. Na fungu lenyewe lilikuwa linaliwa pande zote, kama mkate ulioangukia kundi la watoto. Ufuo ulikuwa mbali, mwembamba, mweupe, na sikuona mtu.

Ndugu zangu, mnanijua kwa maombi marefu. Nikianza kuomba, mama wa jikoni huenda wakaosha sufuria zote na kurudi kabla sijafika kwenye amina. Siku ile nilipata maneno mawili: "Yesu, njoo!" Nikayapaza kwa sauti hadi koo likakauka. Maji yalikuwa yamefika mapajani na mchanga unaniponyoka chini ya nyayo. Nikamwona mama yangu, anaambiwa kwamba mwanawe amekufa maji ugenini, asijue hata ni ugenini wapi.

Ndipo nikauona mtumbwi! Mwanamume mmoja anausukuma kwa upondo, na mbele ameketi mtu anachota maji kwa kopo na kuyatupa nje. Alikuwa Bi Zuhura. Yule mwanamume ni Bakari, nduguye.

Nikataka kuurukia. "Ewe bwana, usiruke!" Bakari akafoka. "Utatuzamisha sote! Shika hapa, ingia polepole, ukae kama gunia la nazi!"

Bi Zuhura akanishika mkono kwa nguvu, akasema, "Bismillahi," akavuta. Mimi nikasema, "Asante Yesu." Nikaanguka ndani, nikakaa kama gunia. Hakuna aliyebishana na mwenzake.

Tulipofika nchi kavu nilikuta pweza wake mchangani, nusu amesafishwa. Wenzake walikuwa wameshakwenda nyumbani zamani. Nikamwuliza, "Mama, na wewe mbona hukwenda?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kipumbavu. "Nitakwendaje? Nimekuona ukenda, sijakuona ukirudi."

Nililia, ndugu zangu. Kule kwenye maji sikulia, nikalia pale juani mbele ya pweza. Kumbe nilipokuwa nimelala chali nikidhani kwamba katika mji huu hakuna anayejua nipo, kuna mtu alikuwa ameketi, kazi mkononi, macho kwenye fungu, hadi alipokimbia kumwita nduguye mwenye mtumbwi. Nilimwomba Mungu malaika, naye alikuwa amekwisha kumweka ufuoni kabla sijafungua kinywa! Mbawa sikuziona. Niliona leso iliyolowa, na harufu ilikuwa ya pweza.

Juzi nilikwenda kumwamkia. Nikamwambia nitashuhudia kanisani. Akasema, "Wasalimie. Na uwaambie wakufunze kuogelea!" Salamu ndizo hizo, nimezifikisha.

Namshukuru Mungu aliyeniokoa. Nawashukuru Bi Zuhura na Bakari, Mola awazidishie. Na wewe uliyekaa hapa leo, mgeni au mwenyeji, umevaa vizuri na unatabasamu huku maji yamekufika mapajani, usione haya. Mtegemee Bwana. Maneno mawili yanatosha. Piga kelele sasa, ndugu yangu, maana mtumbwi uko karibu kuliko unavyodhani!